Mkanda wa Nne

Kijana aliyekuwa akichambua mbu kwenye meza ya pili aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akaniita kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeona kitu na anahofia kisije kikamponyoka. "Mwalimu, hebu njoo umwangalie huyu."

Nikasogea. Kwenye kisahani alikuwapo mbu jike mmoja, amelala ubavu, amekauka, miguu imekunjamana. Alikuwa ametolewa kwenye mtego wa taa uliotundikwa usiku kucha karibu na zizi la ng'ombe. Kwamba ni anofelesi halikuwa jambo la kubishania: kandokando ya mrija wake wa kufyonzea damu vilisimama vijiti viwili vyenye urefu karibu sawa na mrija wenyewe. Kijana alitaka nitazame vijiti hivyo. Mbu wa malaria tuliyemzoea, Anopheles gambiae, huwa na mikanda mitatu myeupe kwenye kila kijiti. Huyu alikuwa na minne.

"Kwenye ufunguo wa utambuzi hayumo," alisema. "Nimerudia mara tatu. Au huyu ni mgeni?"

Nilimuuliza ni gambiae wangapi aliowahi kuwatazama kwa makini, kijiti kwa kijiti. Akafikiri. "Tangu nianze, labda mia mbili."

"Basi kabla ya kumwita huyu mgeni, tuwajue kwanza wenyeji wanatofautiana kiasi gani."

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu naona linasahaulika kila habari ya "kiumbe kipya" inapotangazwa. Taksonomia, elimu ya kuvitambua viumbe, kuvipanga na kuvipa majina, husifiwa kwa ugunduzi wake. Lakini siku nyingi za mtaalamu wake hupita katika kazi ya kimya zaidi: kupima upana wa kile kinachojulikana tayari. Asiyejua upana huo ataona kiumbe kipya kila asubuhi, au atampita kiumbe kipya mlangoni kwake asimtambue.

Kuna matangazo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la spishi mpya, yaani kiumbe ambacho hakijawahi kupewa jina la kisayansi. Kipunji, kima wa Mlima Rungwe na wa msitu wa Ndundulu kule Udzungwa, alitangazwa hivyo mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo siku zote. La pili ni la rekodi mpya: kiumbe chenye jina lake tayari kinakutwa mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba kipo. Samaki silikanti alijulikana na wanasayansi tangu alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi walipomtoa majini karibu na Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, Tanzania ilipata rekodi mpya.

Kipunji mwenyewe anatuonya tusiharakishe. Walipomweleza kwa mara ya kwanza, watafiti walitegemea picha, mlio wake na walichokiona kwa macho: manyoya ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, uso mweusi, mkia mrefu. Kwa sura hiyo wakamweka pamoja na kima wa jenasi ya Lophocebus. Haukupita muda, dume mmoja mchanga akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima karibu na Rungwe. Fuvu lake na vinasaba vyake vikaonyesha kwamba ndugu zake wa karibu zaidi ni nyani, wale wakubwa wa porini. Mwaka 2006 akaundiwa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Mnyama hakubadilika hata unywele mmoja. Kilichobadilika ni ushahidi uliowekwa mezani.

Katika mifano yote ya sura inayopotosha, hakuna ninaoupenda kama ule wa kipepeo anayeitwa Papilio dardanus. Anaruka katika misitu na bustani zetu, na wapo Watanzania na Wakenya wanaomfuga. Katika vijiji vya Amani, Usambara Mashariki, na vile vya Gede kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, familia hufuga vipepeo na kuuza pupa zao kwa mabustani ya maonyesho ya ng'ambo. Mradi wa Gede, uitwao Kipepeo, ulianza mwaka 1993. Mfugaji humweka jike ndani ya kizimba cha neti pamoja na mche ambao viwavi wake huula. Jamii ya michungwa na milimau inamfaa. Jike hutaga yai mojamoja juu ya majani. Viwavi hutoka, hula, hunenepa, kisha hujigeuza pupa za kijani zinazofanana na jani changa lililojikunja.

Kaa hapo kizimbani asubuhi pupa zinapopasuka. Madume wote hutoka wakiwa wamevaa sare moja: mabawa ya manjano hafifu, kingo nyeusi, na mkia mfupi kwenye kila bawa la nyuma. Kisha subiri majike. Mmoja anatoka mweusi mwenye mabaka makubwa meupe. Wa pili naye ni mweusi, ila vidoa vyake ni vidogo na shina la bawa lake lina njano iliyochuja. Wa tatu ni wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi na kidoa cheupe ndani yake. Hakuna hata mmoja mwenye mkia, wala anayefanana na kaka zake. Na wote wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja, waliokula mche mmoja.

Sasa fikiria mtu wa Ulaya wa karne ya 18 au ya 19 ambaye hajakiona kizimba. Anapokea sanduku kutoka Afrika lenye vipepeo waliokaushwa na kuchomwa pini. Anawatenga kwa sura, kama ambavyo yeyote angefanya, na kila sura inapata jina la spishi: merope, hippocoon, cenea, trophonius. Hakuwa mzembe. Alichokosa kilikuwa habari za nani anazaliwa na nani.

Aliyeling'amua jambo hilo ni mtaalamu wa vipepeo Roland Trimen, aliyeishi na kufanya kazi Cape, Afrika Kusini. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1869 alionyesha kwamba "spishi" hizo zote ni moja. Hoja yake ilikuwa rahisi ajabu. Alipowapanga vipepeo kwa jinsia, aliona kwamba wale wa manjano wenye mikia waliotoka Afrika bara walikuwa madume tu, na wale wa sura nyingine zote walikuwa majike tu. Wake hawa wasio na waume walikuwa wakiruka msitu uleule na waume wale wasio na wake. Tena kutoka Madagaska kulikuwa na jike wa manjano mwenye mkia, anayefanana kabisa na dume wake, kana kwamba kisiwa kile kilihifadhi sura ya kale ambayo majike wa bara walikwisha kuiacha.

Wenzake hawakumkubali kwa urahisi. William Hewitson, mkusanyaji mashuhuri wa vipepeo nchini Uingereza, alikataa katakata kuamini kwamba viumbe wasiofanana hivyo ni kitu kimoja. Jibu lililomaliza ubishi lilitokana na ufugaji, kazi ileile inayofanywa leo Gede na Amani: huko Afrika Kusini Mansel Weale alilea viwavi, na kutoka kwao wakatoka madume wa manjano pamoja na majike wa sura mbalimbali. Kila ninaposoma habari hiyo nafikiri kwamba mama mfugaji wa kijijini, mwenye kizimba cha neti nyuma ya jiko, angeweza kuwasuluhisha mabwana wale kwa msimu mmoja.

Kwa nini majike wajivike sura nyingi? Kila sura ni mwigo. Jike mweusi wa mabaka meupe anamwiga Amauris niavius, na yule wa rangi ya chungwa anamwiga Danaus chrysippus, vipepeo wenye sumu mwilini ambao ndege akishamwonja mmoja harudii tena. Dardanus hana sumu. Anaishi kwa kuazima sifa mbaya ya wengine. Lakini mkopo huo una mpaka. Waigaji wakizidi idadi ya wenye sumu, ndege ataonja, ataona ni watamu, na sare itapoteza heshima. Kwa hiyo ni faida kwa majike kugawanyika, hawa wakimwiga huyu, wale wakimwiga yule. Tofauti zao za sura si kasoro. Ndizo zinazowaweka hai.

Miaka ya 1950 na 1960, huko Liverpool, daktari Cyril Clarke na mwanajenetiki Philip Sheppard waliwapandisha vipepeo hawa kwa mkono, wakawashika dume na jike vidoleni hadi wakaungana, ili kujua sura hizo hurithiwaje. Waligundua kwamba eneo moja tu katika vinasaba ndilo linaloamua jike atavaa nini. Nina sababu ya kulitaja hili. Clarke alikuwa daktari wa wagonjwa, na mawazo aliyoyapata kwa vipepeo ndiyo yaliyomfikisha kwenye urithi wa makundi ya damu. Kundi lake la watafiti lilishiriki kubuni kinga ambayo leo mama mwenye damu ya rhesus hasi huchomwa kama sindano, ili mwili wake usije ukamshambulia mtoto wa mimba inayofuata. Anayeuliza kujua rangi za vipepeo kuna faida gani, aende kliniki ya wajawazito.

Mimea nayo ina visa vyake. Yale maua madogo ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu vya madirishani kote Ulaya na Marekani asili yake ni miamba yenye kivuli ya Tanga na Usambara. Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaupa mmea huo jina Saintpaulia ionantha. Baadaye mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, aliyaeleza kwa uangalifu mkubwa hadi yakafika karibu spishi 20. Sehemu kubwa ya uamuzi wake ilitegemea vinyweleo vya majani: virefu au vifupi, vilivyosimama au vilivyolala. Tatizo ni kwamba mimea mingi aliyokuwa nayo ilikuwa imeoteshwa bustanini kutokana na mbegu au vipandikizi vichache. Kila mmea mmoja ukawa unawakilisha mlima mzima. Sampuli za porini zilipoongezeka, mapengo kati ya "spishi" yakaanza kujaa mimea ya katikati, yenye vinyweleo vya huku na vya kule. Mwaka 2006, katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki, zikabaki spishi 6, nyingi za zile za zamani zikishushwa kuwa nususpishi za ionantha. Simlaumu Burtt. Aliandika alichokiona waziwazi kiasi kwamba waliomfuata waliweza kumsahihisha, na hiyo ni sifa kubwa katika kazi yetu.

Ndiyo maana tunasisitiza kukusanya wengi. Mtu akitazama droo ya makumbusho na kuona vipepeo 60 wa aina moja wamepangwa safu kwa safu, huona kama uchoyo. Lakini safu hiyo ndiyo kipimo chetu: wachanga na wakubwa, wa masika na wa kiangazi, wa bondeni na wa mlimani, dume na jike. Chini ya kila mmoja kuna lebo ndogo ya karatasi, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, imeandikwa mahali, tarehe, mwinuko na jina la aliyekusanya. Nimeshawahi kufungua masanduku ya vielelezo vizuri mno, rangi zake bado zinang'aa, bila lebo hata moja. Ni huzuni. Mdudu asiye na mahali wala tarehe hawezi kuwa rekodi ya chochote. Na spishi inapopewa jina, sampuli moja huteuliwa kuwa holotaipu: jina hubaki limefungwa kwa kiumbe huyo mmoja milele, hata ikibainika baadaye kwamba alikuwa na sura ya ajabu kuliko ndugu zake wote.

Mbu hutudanganya kwa njia iliyo kinyume na kipepeo. Kwa kipepeo, sura nyingi zilificha spishi moja. Kwa mbu, sura moja ilificha spishi nyingi, na gharama yake imekuwa maisha ya watu.

Jina Anopheles gambiae lilitolewa na mtaalamu Giles mwaka 1902. Kwa karibu nusu karne, karibu kila mbu wa sura ile kuanzia Senegali hadi pwani yetu aliitwa gambiae. Kulikuwa na minong'ono. Kwenye mwambao wa Afrika Mashariki viluwiluwi wake walikutwa kwenye vidimbwi vya maji ya chumvi karibu na mikoko, mahali ambapo wale wa maji baridi hufa. Je, ni mbu yuleyule aliyezoea chumvi? Mwaka 1951 mtafiti Muirhead-Thomson alitoa matokeo ya kuwapandisha wa maji ya chumvi na wa maji baridi: machotara walizaliwa, lakini madume wao walikuwa tasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti Davidson na Paterson walifanya vivyo hivyo kwa mbu wa maji baridi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakapata utasa uleule. Kumbe hata hao wa maji baridi hawakuwa kitu kimoja. Kwa kuwa macho hayakuweza kuwatenganisha, waliitwa kwa herufi tu, A, B na C, hadi walipopewa majina rasmi miaka ya 1970.

Leo tunawatambua spishi pacha tisa katika kundi hilo. Yupo gambiae mwenyewe na mwenzake coluzzii, aliyetengwa naye rasmi mwaka 2013. Yupo arabiensis, anayestahimili ukame na kupenda mahali penye ng'ombe. Yupo merus wa maji ya chumvi ya pwani yetu. Yupo bwambae, ambaye ulimwengu wake wote ni chemchemi za maji moto za Semliki, magharibi mwa Uganda. Na yupo quadriannulatus, anayeuma wanyama na ambaye hana mchango wa maana katika malaria. Waweke majike wao kwenye kisahani kimoja, mwite mtaalamu mwenye miaka 30 ya kazi. Hataweza kukuapia kwa macho yake kwamba huyu ni nani.

Tofauti wanazozificha kwenye sura hujitokeza kwenye mwenendo. Gambiae hupenda damu ya mtu, huingia ndani, huuma usiku wa manane watu wamelala, kisha hutua ukutani. Huyu ndiye anayekamatwa vizuri na chandarua chenye dawa. Arabiensis huuma mtu na ng'ombe, ndani na nje, mara nyingi kabla watu hawajapanda kitandani. Vyandarua vilipoenea, maeneo kama bonde la Kilombero na magharibi mwa Kenya yalishuhudia gambiae akipungua sana na arabiensis akichukua sehemu kubwa ya waliobaki. Afisa afya anayehesabu mbu bila kuwatenganisha angeona "gambiae" wamebaki wengi, akadhani vyandarua vimeshindwa. Vyandarua vilikuwa vimefanya kazi yake. Aliyebaki alikuwa mwingine, na alihitaji mbinu nyingine.

Sasa turudi kwenye ule mkanda wa nne. Jina quadriannulatus maana yake ni "mwenye pete nne". Mtaalamu Theobald ndiye aliyelitoa mwaka 1911, na ukilisikia utadhani umepata ufunguo: hesabu mikanda, ukipata minne, ndiye. Si hivyo. Majike wa kundi hili kwa kawaida wana mikanda mitatu, na wenye minne hujitokeza ndani ya spishi zaidi ya moja. Jina limehifadhi alama ambayo haikutosha kumtambulisha mwenye jina. Nilipomweleza kijana hivyo, alinitazama kwa mashaka, akauliza kwa nini basi jina halibadilishwi. Ni kwa sababu jina la kisayansi ni kama jina la mtoto. Mtoto aliyeitwa Masika kwa kuzaliwa mvua zikinyesha habadilishwi jina kiangazi kikifika. Kazi yake ni kututajia mwenyewe, tusikosane tunamzungumzia nani.

Lakini nilielewa wasiwasi wake. Alikuwa na mbu mwingine kichwani, ambaye sote tunamwogopa siku hizi: Anopheles stephensi.

Huyu kwao ni Asia ya kusini na nchi za Ghuba. Alielezwa India mwaka 1901 na amezoea miji. Huzaliana kwenye matangi ya maji, mapipa, visima na mashimo ya maji ya ujenzi, vitu ambavyo mji wowote wa Afrika unaokua unavyo kwa wingi. Mwaka 2012 alipatikana Djibouti. Nchi hiyo ilikuwa imeripoti wagonjwa 27 tu wa malaria mwaka huo. Mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000, na ingawa sababu hazikuwa moja, mbu huyu anahusishwa moja kwa moja na mlipuko huo. Mwaka 2016 alipatikana Ethiopia na Sudan, kisha Somalia, Nigeria, na mwaka 2022 Kenya, kaunti ya Marsabit. Malaria kwetu imekuwa zaidi ugonjwa wa vijijini, wa mabwawa na mashamba ya mpunga. Rekodi moja mpya ya mbu huyu katika mji inalazimisha mipango yote ifikiriwe upya, kuanzia mahali pa kutafuta viluwiluwi hadi nani aambiwe afunike tangi lake.

Na hapa ndipo sura inapokuwa jambo la hatari. Stephensi akitazamwa harakaharaka anafanana na gambiae. Anayemjua ataona kwamba mikanda miwili ya kuelekea nchani mwa vijiti vyake ni mipana, na kwamba vijiti vina vidoadoa vyeupe, kana kwamba mtu amevinyunyizia chokaa. Lakini mbu aliyetoka kwenye mtego amepukutika magamba, miguu imekatika, na mchambuzi ana mia nne wengine wa kumaliza kabla ya jioni. Ni rahisi sana kumwandika "gambiae" na kuendelea. Mara nyingine kipimo cha vinasaba ndicho kinachoshtua: mbu aliyeandikwa gambiae anapelekwa maabara, na kipimo cha kundi la gambiae hakionyeshi chochote. Wapo wanaotupa sampuli hiyo wakidhani kipimo kimeharibika. Mwenye busara huiweka kando na kuichunguza upya, kwa kuwa ukimya wa kipimo nao ni habari. Ugunduzi wa Kenya ulitokana na uchunguzi wa vinasaba.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo ndilo lililonifanya nimzuie kijana asipige simu siku ile. Ukitangaza kwamba mbu wa mijini wa Asia amefika wilayani, kisha ikabainika ulimwona mwenyeji mwenye doa la ziada, fedha za dawa zimeshahamishwa, watu wameshatiwa hofu, na tangazo lako la pili, likiwa la kweli, halitasikilizwa.

Tulifanya inavyopasa. Kwanza alimpiga picha mbu wake kupitia hadubini, kutoka juu, chini na ubavuni, akihakikisha vijiti na mabawa vinaonekana. Kisha kwa kibano chembamba kama unywele akang'oa mguu mmoja, mmoja tu, akautumbukiza kwenye kichupa. Mwili uliobaki ukachomwa pini na kupewa lebo, ili yeyote atakayetilia shaka hata miaka 50 ijayo aje ajionee. Napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakimharibu shahidi.

Ndani ya kichupa, kemikali huvitoa vinasaba kwenye mguu na kunakili kipande kimoja kidogo mara mamilioni. Urefu wa kipande hicho hutofautiana kati ya spishi na spishi. Kwa kipimo kilichotolewa na mtafiti Scott na wenzake mwaka 1993, kinachotumika hadi leo, gambiae hutoa kipande cha herufi 390 za vinasaba, arabiensis 315, merus 466, na quadriannulatus 153 tu. Vipande huachwa vitembee ndani ya jeli kwa nguvu ya umeme; vifupi huenda mbali, virefu hubaki nyuma. Ukiwasha taa ya urujuanimno, kila kimoja kinaonekana kama mstari unaong'aa mahali pake, pembeni mwa ngazi ya kupimia.

Kesho yake jioni kijana aliizima taa ya chumba, akawasha ile ya urujuanimno, tukainama sote juu ya jeli. Mistari ya mbu wengine ilikuwa imejipanga. Wa kwake ulikuwa safu ya saba. Akahesabu kwa kidole bila kugusa kioo, akahesabu tena.

"Mia tatu na kumi na tano," akasema. Arabiensis. Mwenyeji kabisa, wa zizi la ng'ombe, mwenye mkanda mmoja wa ziada.

Nilidhani atavunjika moyo. Alikaa kimya kidogo, akavuta sanduku la sampuli, akachukua kalamu yenye ncha nyembamba na kuongeza kwenye lebo, chini ya mahali na tarehe, maneno matatu: jike, mikanda minne. Kisha akavirudisha mezani visahani vyote vya wiki ile, ambavyo alikuwa ameshavimaliza na kuviandika, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akauchora safu mbili, moja ya mitatu na moja ya minne, akainamia hadubini na kuanza kuhesabu upya, mbu mmoja baada ya mwingine.